Barua ya wazi: Machi 2028, sauti ya Siti binti Saad isikike

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya utamaduni Zanzibar; kwa wakuu wa Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni; kwa uongozi wa Shirika la Utangazaji Zanzibar (ZBC); na kwa Taasisi ya Nyaraka na Kumbukumbu, pale Kilimani.

Assalaam alaykum.

Waheshimiwa, Machi 2028 itatimia miaka 100 tangu Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa hapa Unguja, na wenziwe walipokwenda Bombay, mji ambao leo unaitwa Mumbai, wakaimba mbele ya mitambo ya kampuni ya Gramophone ya Uingereza. Sahani zilizotoka huko, zile zenye nembo ya mbwa anayesikiliza pembe ya santuri, ni miongoni mwa sahani za mwanzo kabisa za biashara kuimbwa kwa Kiswahili. Kila aliyesimama mbele ya maikrofoni akaimba kwa lugha yetu baada ya hapo, awe wa taarab, wa dansi au wa bongo fleva, amepita njia iliyofunguliwa na mwanamke wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu.

Naandika mapema kwa makusudi. Machi 2028 imo ndani ya mwaka wa fedha wa 2027/28, na bajeti ya mwaka huo itajadiliwa na Baraza la Wawakilishi kule Chukwani kabla ya Julai 2027. Jambo lisilokuwamo katika bajeti hufanywa kwa michango ya dakika za mwisho, na matokeo yake tunayajua: fulana, bango, meza ya mgeni rasmi, hotuba nne, kisha kikundi cha taarab kinaitwa kupiga wimbo mmoja na nusu wakati wageni wanaondoka kwenda kula. Ombi langu ni kwamba miaka 100 hii iadhimishwe kwa sauti yenyewe. Sahani zitafutwe, zisafishwe, zisikilizwe na kila anayetaka bila ya kulipa, na nyimbo zile zipigwe mbele ya watu na wanamuziki walio hai, kwa ala zake na kwa urefu wake.

Mimi ni msikilizaji tu. Sipigi fidla, sina kikundi, sina duka. Nimezaliwa Ng'ambo, mitaa ya mjini Unguja iliyo nje ya Mji Mkongwe, na taarab nimeisikia kabla sijajua kusema.

Historia mnaijua, lakini naomba niipitie kidogo, kwa sababu ombi langu limo humo humo. Alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880, akaitwa Mtumwa. Jina la Siti alilipata ukubwani. Kwao walikuwa wafinyanzi, na yeye alivibeba vyungu kichwani na kuvitembeza kwa wanunuzi. Hakuwa na ukoo wa kutajwa wala elimu ya kujivunia. Mwaka 1911 alihamia mjini, akapata watu wa muziki waliomfundisha kuimba pamoja na ala. Taarab ya zama zile ilikuwa mambo ya wakubwa. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye anayesimuliwa kuwa alimpeleka mtu Misri akajifunze ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi, na kwa miaka mingi nyimbo zilikuwa za Kiarabu, zikisikilizwa na wachache waliokifahamu na wengi waliojifanya wanakifahamu. Siti akaichukua taarab ile akaiimba kwa Kiswahili cha Ng'ambo. Wapishi, wachukuzi, madobi na mayaya wakakuta nyimbo zinasema mambo yao.

Waliomhusudu walimtungia beti za kumkejeli, wakamkumbusha kaniki aliyokuja nayo kutoka shamba na kumuuliza, lau si sauti yake, angekula nini. Akajibu kwa beti vilevile, kwamba uzuri wa sura na ukubwa wa nasaba havina maana mtu akikosa akili. Majibizano yale watu wazima wa hapa Unguja wanayajua kwa moyo hadi leo, miaka mingi baada ya majina ya waliomkejeli kusahaulika.

Na alichokiimba hakikuwa mapenzi peke yake. Upo wimbo wa Kijiti, uliotungwa baada ya mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam, aliyekuwa mjamzito, kuuawa hapa mjini. Aliyetuhumiwa akavuka bahari akapotea, na wanawake waliokwenda mahakamani kueleza yaliyotokea wakageuka kuwa wao ndio wahukumiwa. Siti aliimba kisa kile, na aliyeaibika katika wimbo ni hakimu. Hiyo ilikuwa miaka ya 1920, chini ya himaya ya Waingereza, na mwimbaji ni mwanamke asiyejua kusoma. Ninaposikia watu wakisema taarab ni muziki wa starehe na mipasho basi, huwa natamani wangekalishwa chini wausikilize wimbo huo mmoja tu, wafahamishwe kila neno lake.

Kufikia 1931 sahani za Siti na kundi lake zilizouzwa zilipindukia 70,000 katika Afrika Mashariki. Idadi hiyo itazameni kwa macho ya zama zile. Santuri ilikuwa kitu cha mwenye nacho. Watu wengi waliisikia mkahawani, au barazani kwa jirani aliyejaaliwa. Sahani moja ilikuwa na masikio hamsini. Sauti ikasafiri mbali, ikafika bara, ikapanda hadi maziwa makuu. Sauti ya Unguja, redio yetu, ilianza kurusha matangazo mwaka 1951. Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Hakujaaliwa kusikika katika redio ya kwao akiwa hai, na hili ndilo deni ambalo Shirika la Utangazaji linaweza kulilipa kwa wepesi kuliko taasisi nyingine yoyote niliyoiandikia barua hii.

Sasa kuna jambo la kiufundi ambalo waandaaji wa sherehe hulisahau. Sahani za zama zile zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulibeba muziki wa dakika tatu na kitu. Taarab haiishi kwa dakika tatu. Kwanza hupigwa bashraf, ala peke yake, watu wakae vizuri na roho zitulie. Kisha mwimbaji anaingia, ubeti, kiitikio, fidla zinamjibu, ganuni inapita peke yake kidogo, anarudi. Anatokea mtu wa kumtunza kwa noti, mwimbaji anaurudia ubeti kwa ajili yake. Wimbo mmoja unaweza kukata dakika ishirini na hakuna anayeangalia saa. Kule Bombay walilazimika kuukata wimbo, nusu upande huu wa sahani na nusu upande wa pili, na mengine yote yakaachwa. Kwa hiyo hata tukizipata sahani zote za 1928, tutakuwa tumepata sehemu ndogo ya alichokuwa akikifanya usiku nyumbani kwake Ng'ambo. Sehemu iliyobaki iliishi katika maonyesho ya watu na watu, na imeendelea kuishi humo kwa kupokezana.

Bibi yangu mzaa mama aliwahi kumsikia. Alikuwa msichana. Alinisimulia kwamba baada ya sala ya isha walikuwa wakitoka kikundi cha wanawake, wamejitanda, wakishikana mikono kwa ajili ya giza la vichochoroni, na walirudi wakati waadhini wanajiandaa kwa alfajiri. Njiani walikuwa wakisahihishana maneno ya wimbo mpya, huyu kashika ubeti wa kwanza, yule wa tatu, mpaka wanapoagana wimbo umekamilika, na kulipokucha umeshafika mferejini. Hakuwa na cha kueleza kuhusu sura ya Siti wala nguo aliyovaa. Alichokikumbuka ni maneno, na aliweza kuyasema.

Mimi nilimkuta Bi Kidude, mwimbaji wetu mkongwe wa taarab. Nimemwona Ngome Kongwe katika tamasha la Sauti za Busara, ambalo limekuwa likifanyika tangu 2004, na nimemwona katika maharusi na hadhara ndogondogo za mjini. Mwenyewe alikuwa akieleza kwamba nyimbo za Siti alizishika kwa kusikiliza, bila ya mwalimu wala daftari. Alipanda jukwaani pekupeku, mdogo wa mwili, kajifunga kanga, na kabla hajatamka neno watu walikuwa wameshanyamaza. Watalii walikuwa wamesimama mbele na kamera zao, sisi wenyeji tumekaa ngazini juu, na alipoanza nyimbo za Siti wanawake wa ngazini wakampokea kwa sauti moja, maikrofoni ikawa haina kazi. Nakumbuka bibi mmoja aliyekuwa kakaa mbele yangu. Alinyanyuka, akateremka ngazi zote zile taratibu kwa mkongojo, akapita katikati ya kamera, akamtunza noti moja, akamshika mkono, akarudi akapanda ngazi tena. Wimbo ulimsubiri. Bi Kidude hakuupeleka mbele mpaka bibi yule alipokaa.

Hayo ndiyo ninayoyaita maonyesho. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013, na pamoja naye ukakatika mkono mmoja uliokuwa umetushika na 1928.

Mikono mingine ipo. Kwa miaka mingi aliyepita Vuga jioni aliweza kuwasikia Culture Musical Club, klabu ya mwaka 1958, wakiwa mazoezini. Madirisha wazi, fidla nne au tano, akodiani, ganuni, ngoma ya dumbak, na nje watu wamesimama wanasikiliza bila ya kiingilio. Mimi nilikuwa mmoja wao. Ilikuwa raha kuliko onyesho lenyewe, kwa sababu unasikia mwalimu akisimamisha muziki, akisema hapana, pale pandisheni, halafu wanarudia, na unakwenda nyumbani ukiwa umeelewa wimbo umefumwa vipi. Na pale Forodhani, tangu 2002, chuo cha muziki cha Dhow Countries kimefundisha vijana wetu ganuni, udi na fidla, wengi wao watoto wa familia ambazo zisingeweza kununua hata uzi mmoja wa ganuni. Mnajua kwamba chuo kile kimepita kipindi cha kukaribia kufungwa kwa kukosa fedha. Vijana hao ndio watakaozipiga nyimbo za Siti Machi 2028, kama tutawatayarisha. Wasipotayarishwa tutapigiwa sidii, na mwimbaji atafungua na kufumba mdomo.

Nisieleweke vibaya kuhusu taarab ya kisasa. Watu wanaipenda, wanaicheza, ina wasanii wake hodari na ina usiku wake. Usiku huu mmoja wa miaka 100 naomba kinanda cha umeme kipumzike.

Naomba pia tuangalie maadhimisho yaliyotangulia. Mwaka 2005 Nadi Ikhwan Safaa walitimiza miaka 100. Ni klabu ngapi za muziki Afrika zenye umri huo? Tulifurahi, walipiga, tuliwasikiliza. Lakini albamu ya kumbukumbu ya miaka ile 100 ilitolewa Ufaransa. Mwaka 2020 Siti Muharam, kitukuu wa Siti binti Saad, alitoa albamu yake iliyorudisha nyimbo za bibi yake kwa sauti mpya, na iliyoitoa ni kampuni ya London. Kumbukumbu za kampuni ya Gramophone yenyewe zimehifadhiwa Hayes, nje kidogo ya London. Nawashukuru kwa dhati waliofanya kazi hiyo, maana bila wao baadhi ya sauti hizi zingekuwa zimekwisha. Ila mtoto wa Jang'ombe akitaka kumsikia Siti leo, aidha awe na bahati ya intaneti, aidha apate msafiri wa kumletea. Kumsoma ni rahisi zaidi, kwa sababu Shaaban Robert alimwandikia wasifu, na kitabu kile kimesomeshwa mashuleni miaka na miaka. Tumelea vizazi vilivyofanya mtihani juu ya sauti ambayo havijapata kuisikia.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al Ajaib iliporomoka. Jumba la mwaka 1883, hatua chache tu kutoka Ngome Kongwe, lililokuwa na makumbusho yetu ndani yake. Mji mzima ulitoka kwenda kutazama vumbi. Jumba likianguka watu huona na serikali huulizwa. Sahani ya santuri ikivunjika hasikii mtu. Zile sahani zimetengenezwa kwa lakiri, ni nzito, zinapasuka ukiziangusha na zinapinda zikikaa juani, na sindano ya chuma iliila kidogo kila ilipopigwa. Zilizobaki hapa Unguja na Pemba zimo makabatini, chini ya vitanda, juu ya dari, kwenye nyumba za wazee wanaokufa mmoja mmoja. Baada ya arobaini warithi husafisha nyumba. Santuri ya bibi yangu iliuzwa kama chuma. Sahani zake mbili ninazo mimi, moja ina ufa kuanzia ukingoni hadi kwenye karatasi ya jina. Siku Kilimani watakapotangaza kuwa wanazipokea, nitazipeleka, na najua nyumba nyingine zitakazofanya hivyo hivyo, ilimradi waambiwe wazi kwamba sahani itaandikishwa kwa jina la mwenyewe, itarudishwa akiitaka, na atapewa nakala ya sauti yake.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni hiyo, na ianze sasa. Taasisi ya Nyaraka iitishe sahani kwa tangazo la redio na kupitia kwa masheha, shehia kwa shehia. Atafutwe fundi anayejua kuzisafisha na kuzipiga kwa sindano inayofaa, kwa mashine ya kasi ile, na azinakili kidijitali bila kuzichuja hadi zipoteze uhai. Mkwaruzo kidogo hauharibu kitu. Wakati huohuo Wizara iandike barua rasmi Hayes, iombe orodha kamili ya vilivyorekodiwa Bombay mwezi ule wa Machi 1928, tarehe kwa tarehe, pamoja na nakala za sauti. Barua ya msikilizaji haijibiwi, lakini ya serikali hujibiwa. Ofisi ya Hakimiliki iulizwe mapema nani ana haki gani juu ya sahani za umri huo, ili lisije likaibuka wiki ya mwisho kama kizuizi.

Maneno ya nyimbo yaandikwe. Hili nalisisitiza kwa sababu wenye kuyafahamu wanapungua kila mwaka. Mna majina ya mitaa yaliyobadilika, mna mafumbo ya watu wa wakati ule, mna Kiswahili cha mjini cha miaka ya 1920 ambacho kijana wa leo atakisikia na asikielewe nusu yake. Baraza la Kiswahili, BAKIZA, wapo, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wapo, wazee wa Ikhwan Safaa wapo. Wakalishwe pamoja na mashine ya kupigia na kalamu. Sahani itasikilizwa mara kumi kwa neno moja, ndiyo, na kazi hiyo haiwezi kufanywa na mtu mmoja wala kwa wiki moja.

Tukishakuwa na sauti na maneno, ZBC watenge saa kila wiki kwa mwaka mzima wa kuelekea Machi 2028. Wimbo mmoja, upande wa kwanza na wa pili bila ya kukatwa, kisha mtu mzima mmoja auelezee: nani katajwa, nini kilitokea, neno hili lina maana gani. Sihitaji zaidi ya hapo kwenye redio.

Na wasitajwe kwa jina la "na wenziwe" kama nilivyofanya mimi juu kule kwa ufupi. Subeit bin Ambar, Mbaruk Talsam, Budda bin Mwendo, Maalim Shaaban. Hawa waliimba na kupiga, walitunga, walirekodi nyimbo kwa majina yao wenyewe. Bango lolote litakalobandikwa liwe na majina yote matano, yao wanne na la Siti.

Nije kwenye onyesho, ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kalenda imetupa nafasi. Ramadhani ya mwaka 2028, Mungu akituweka hai, itaanza mwishoni mwa Januari na Idd itakuwa mwishoni mwa Februari. Machi itatukuta katika mfunguo mosi, msimu wa harusi na taarab, watu wamefungua, wana hamu, na walio ng'ambo ya bahari wengine bado hawajarudi walikotoka. Lakini masika huingia katikati ya Machi, na Ngome Kongwe haina paa. Onyesho liwe wiki ya kwanza ya mwezi. Ukichelewa wiki mbili utawanyeshea mvua wapigaji na ngozi za dumbak zitalegea.

Ngome Kongwe ni pahala pazuri na siipingi. Lakini Siti aliishi Ng'ambo, na watu waliomfanya awe Siti walikuwa wa Ng'ambo. Usiku wa kwanza uwe huko, uwanjani, kwenye mikeka, bila ya kiingilio. Wageni wa heshima wakae chini na wenyeji, na kama kuna hotuba isomwe mchana ofisini. Usiku wa pili ndio uwe Ngome, kwa tiketi, na tiketi hizo zilipie usiku wa kwanza. Fumba nayo isisahauliwe. Siku hizi jina la Fumba likitajwa watu hufikiria majumba mapya ya kuuza. Hata mtoto anayezaliwa pale hajui kwamba kijiji chake kimetoa sauti iliyosikika hadi Bombay. Asubuhi moja ya wiki hiyo wanafunzi wa Fumba wapigiwe sahani zile darasani.

Nyimbo zipigwe kamili. Kabla ya kila wimbo ipigwe kwanza sahani yenyewe ya 1928, dakika zake tatu, pamoja na mikwaruzo yake, watu wote wamenyamaza. Kisha orkestra iuchukue wimbo uleule na kuupa urefu wake, waimbaji wa Ikhwan Safaa, wa Culture na wa chuo cha Forodhani wakipokezana, na Siti Muharam awemo, maana yeye ana haki ya damu na amefanya kazi. Anayetaka kutunza atunze, asizuiwe na walinzi. Nimeona maonyesho ambayo walinzi walimsukuma nyuma mama mtu mzima aliyekuja na noti yake mkononi, wakidhani anavamia jukwaa. Mlinzi asiyeijua taarab afundishwe kabla.

Wanamuziki walipwe. Walipwe kwa mazoezi na kwa onyesho, na walipwe kabla ya kupanda jukwaani. Naliandika hili waziwazi kwa sababu katika hafla zetu mwenye mahema hulipwa, mwenye chakula hulipwa, mwenye spika hulipwa, na mpiga ganuni huambiwa atafutwe wiki ijayo.

Na onyesho zima lirekodiwe vizuri, sauti na picha, nakala moja Kilimani, nyingine ZBC, nyingine kwa wanamuziki wenyewe. Mnamo 2005 hatukuwa na visingizio vingi lakini vifaa vilikuwa ghali. Sasa kijana mmoja mwenye ujuzi na maikrofoni sita anaweza kuifanya kazi hiyo hapahapa, na albamu ya kumbukumbu ya mwaka 2028 ikaandikwa kuwa imetolewa Zanzibar.

Kuna tarehe nyingine ndogo naomba muitazame. Kila Julai 7 tunaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani, kwa mahema na makongamano. Kesho yake, Julai 8, ndiyo siku aliyofariki Siti. Maadhimisho yanafungwa jioni ile, waandaaji wanakunja mahema, na asubuhi ya pili inapita kimya. Ingetosha kuiongeza siku moja. Wanawake waandishi wa habari wa TAMWA waliliita jarida lao Sauti ya Siti. Wao walimkumbuka muda mrefu uliopita, na wakiombwa kuisimamia siku hiyo sidhani kama watakataa.

Kuhusu gharama, ninayoyaomba ni madogo ukiyalinganisha na tunayoyatumia kila mwaka kwa mabango ya kuwaita watalii. Watalii wenyewe wakishafika huuliza wapi watasikia taarab ya kweli, na mwenye hoteli hupiga simu huku na huku kutafuta kikundi cha watu watatu.

Naomba basi mambo mawili kwenu kabla ya bajeti kwenda Chukwani. Kwanza, mtaje hadharani ni afisa gani na taasisi gani iliyokabidhiwa maadhimisho haya, ili sisi wenye sahani, wenye maneno na wenye kumbukumbu tujue mlango wa kubisha. Pili, Kilimani waanze kupokea sahani mwaka huu, hata kama mashine ya kuzipigia bado haijanunuliwa; kabati kavu, lenye kivuli na lenye kufungwa linatosha kwa kuanzia. Mkitujibu, tujibuni kwa redio, saa za jioni, wakati wazee wanasikiliza.

Wenu katika kusikiliza,
Mkaazi wa Ng'ambo, Unguja